Nyuma ya Chungwa la Muheza: Safari ya Mafunzo kutoka Tanga hadi Kongowea

Ijumaa, Tanga mjini

Asubuhi yote imeishia Uhamiaji, na mchana wote umeishia kwenye simu za wazazi. Wanafunzi wetu wa biashara wa mwaka wa pili wanavuka kwenda Mombasa, nami, kama mratibu wa mafunzo kwa vitendo, nimepewa dhamana ya kwenda nao na kurudi nao. Wenye pasipoti ni wachache. Waliobaki wanasafiria hati ya dharura ya safari, ambayo kwa Kenya inatosha, ila nayo ina barua zake, picha zake na foleni yake. Kila mmoja lazima awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kosta ya chuo nayo ina karatasi zake: bima ya ndani inaishia mpakani Horohoro, kwa hiyo dereva amekata kadi ya njano, yaani bima ya magari ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, inayotambulika ng'ambo ya mpaka. Nimeandika orodha ya majina, namba za hati na simu za wazazi, nikatoa nakala kwa dereva na kwa mhadhiri wa masoko tunayeongozana naye. Mtu yeyote kati yetu akipotelewa na begi, wenzake waweze kuendelea.

Jioni tulikaa na wazazi ukumbini. Mzee mmoja wa Pongwe aliuliza swali la maana kuliko yote: "Mwalimu, hiyo Mombasa ina nini ambacho sisi hatuna? Bandari tunayo, reli tunayo, bahari ndiyo hii hii."

Nikamjibu kuwa kuna mnunuzi wa machungwa yetu, na kwamba watoto wanakwenda kumuuliza maswali.

Jibu hilo ndilo mpango mzima wa safari. Safari nyingi za mafunzo ninazozijua ni za kuzunguka maofisi: mnapokelewa, mnaonyeshwa picha ukutani, mnapewa soda, mnapiga picha ya pamoja mlangoni. Mwanafunzi anarudi na picha. Safari hii tumekubaliana na mhadhiri kwamba tutashika bidhaa moja, chungwa la Muheza, tuifuate kutoka mtini hadi mkononi mwa mlaji, na vituo vingine vyote, bandari, chai, mkonge, tuvisome kwa kuvilinganisha na hilo chungwa. Kila kikundi kimepewa daftari la bei. Humo kinaandikwa kila kinacholipwa na kila anayelipwa, hata kama ni mbeba mzigo wa hatua kumi.

Jumamosi, Muheza

Tulitoka alfajiri, tukafika Muheza watu wakiwa bado kwenye chai na maandazi. Ni Julai, kusi linavuma, na msimu umepamba moto: matenga pembezoni mwa barabara, Fuso zimeegeshwa, wachumaji wanaingia na kutoka mashambani. Mwenyeji wetu alikuwa baba wa mmoja wa wanafunzi. Binti mwenyewe alikuwa kimya garini, nami nilimwelewa. Si rahisi kuwaleta wenzako wa chuo nyumbani kwenu waje kuhesabu mapato ya baba yako.

Mzee alitupokea vizuri sana. Akatupitisha shambani, akaeleza kwa nini machungwa yake yameiva na bado ganda ni la kijani. Mtu aliyezoea chungwa la njano la madukani anaweza kudhani yamechumwa mabichi. Chungwa hugeuka rangi likipata usiku wa baridi, na baridi hiyo uwanda huu wa Muheza hauna. Utamu unaingia, ganda linabaki kijani. Akakata moja kwa kisu, akagawa. Hakuna aliyebishana tena.

Kisha ukaja wakati wa daftari. Nani anachuma, analipwaje? Kwa idadi. Nani anabeba hadi barabarani? Vijana wa pikipiki. Ushuru wa halmashauri analipa nani? Mnunuzi, lakini anaukata kwenye bei. Ndipo kijana mmoja wa Korogwe akauliza swali lililokuwa limenikaa hata mimi: bei ilipangwa lini?

Mzee akasema: "Bei ilipangwa yakiwa maua."

Sehemu kubwa ya shamba aliiuza miezi mingi iliyopita. Dalali alikuja, akatembea kati ya miti, akakadiria kwa macho, akatoa fedha. Tangu siku ile machungwa si ya mzee. Yeye ni mlinzi wake tu. Mwaka ukizaa sana, faida ni ya dalali. Mwanafunzi mwingine akamwuliza kwa adabu, "Baba, kwa nini usisubiri?" Akamtazama binti yake kabla ya kujibu. "Ada ya chuo haisubiri, mwanangu."

Nimeona wanafunzi wakisoma kurasa nyingi juu ya mikopo ya wakulima na kuuza mazao kabla ya mavuno. Pale walisimama mbele ya mtu aliyefanya hivyo ili mwenzao aliye kando yao aweze kukaa darasani nao. Hakuna aliyeandika kitu kwa muda. Mhadhiri ndiye aliyesema polepole, "Andikeni. Hiyo nayo ni gharama, na ina jina: riba."

Upande wa mtoni, mzee alituambia, bado haujauzwa. Dalali ameshapiga simu kuuulizia.

Jumapili, Horohoro, Lunga Lunga, Likoni

Baada ya swala ya alfajiri tuliondoka Tanga kwa njia ya Mabokweni. Lami ni nzuri hadi mpakani, kama kilomita 65, na gari lilikimbia kati ya minazi, mikorosho na vijiji vya Mkinga. Mwanafunzi mmoja wa Duga alikuwa na shangazi yake Vanga, upande wa pili. Wadigo wako huku na huku. Mpaka ulichorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1886, wenyeji wakaendelea kuoana na kuzikana juu yake kama kawaida. Biashara nayo ilikuwepo kabla ya mstari huo. Nilipenda walisikie hilo kabla hawajafika kwenye geti, kwa sababu geti lenyewe linaweza kumfanya mtu aamini kuwa biashara ilianzia hapo.

Kituo cha Horohoro na Lunga Lunga ni cha pamoja. Ukitoka Tanga husimami Horohoro. Unashukia Lunga Lunga, ambako ofisa wa Tanzania anakugongea muhuri wa kutoka na ofisa wa Kenya, dirisha la jirani, anakugongea wa kuingia. Niliwapanga kwa kufuata orodha, hati mkononi, kadi ya chanjo ndani ya hati. Kijana mmoja kadi yake ilikuwa na jina lililopungua herufi ikilinganishwa na hati. Ofisa alikuwa mtu mstaarabu. Aliitazama, akatutazama, akaomba barua ya chuo, akasoma, akagonga muhuri. Nimeandika pembeni mwa orodha yangu: majina yalinganishwe mapema, herufi kwa herufi.

Wakati foleni inasogea, vikundi viwili vilikuwa upande wa forodha pamoja na mhadhiri, na hapo ndipo siku ilipopata uzito wake. Chungwa lililozaliwa Muheza halitozwi ushuru wa forodha likiingia Kenya, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Umoja wa Forodha tangu 2005. Ila lazima lithibitishwe kuwa limezaliwa huko. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Mbali na cheti hicho kuna cheti cha afya ya mimea, kinachosema kuwa mzigo hauna wadudu wala magonjwa, na upande wa Kenya wanakikagua. Mama mmoja mwenye viroba vya machungwa alikuwa amekaa kwenye kivuli. Tulimwuliza kama ana cheti cha uasili. Hakuwa amewahi kukisikia. Yeye humlipa kijana anayejua kuzungumza na watu, basi.

Daftari zote ziliandika hilo. Huyo kijana anayejua kuzungumza na watu ana kipato kwa sababu karatasi ya haki haijulikani, na mlipaji wake ni mama wa viroba. Nilimwomba binti mmoja, mwenye sauti nzuri ya kueleza, amsogelee mama yule na kumsomea masharti yaliyobandikwa ukutani. Alikaa naye hadi gari likapiga honi.

Wabadilisha fedha walituzunguka nje. Shilingi ya Kenya ni kama 20 zetu, na hiyo "kama" ndiyo riziki yao. Niliwakataza wanafunzi kubadilisha zaidi ya fedha ya chakula. Wawili wenye vichwa vya hesabu walisimama pembeni wakauliza bei kwa kila mmoja, kununua na kuuza, wakachora jedwali. Mbadilishaji mmoja alicheka akawaambia watafute kazi kwake.

Njia ya Kwale niipitie haraka: miwa ya Ramisi, Msambweni, Ukunda yenye pilika zake za watalii wa Diani, kisha Likoni. Hapo niliwashusha wote wapande feri kwa miguu. Mwenda kwa miguu halipi, gari hulipa. Tulishikana kwa vikundi, nikawahesabu wakipanda, nikawahesabu wakishuka. Njia ya maji jirani na hapa, Mtongwe, feri ilizama tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa. Hilo sikuwaambia wanafunzi wakiwa juu ya maji. Niliwaambia usiku, tulipofika nyumba ya wageni Tudor, ili wajue kwa nini sauti yangu ilikuwa kali.

Jumatatu, Bandari ya Kilindini

Ziara ya bandari ilikuwa fupi kwa jinsi ratiba za bandari zilivyo: kofia ngumu, fulana za kung'aa, msimamie hapa, msisimamie pale. Kreni, makontena, malori ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini.

La kujifunza tulilipata tulipokaa kwenye kivuli na mwenyeji wetu, mtumishi wa zamani wa reli, akaanza kuhesabu miaka. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893. Ya Mombasa 1896. Tanga ilitangulia kwa miaka mitatu. Lakini ya Mombasa ilifika Ziwa Viktoria 1901, ya Tanga ilifika Moshi 1911. Kisha katika Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza wakaunganisha Voi na njia yetu ya Moshi, na mizigo ya Kilimanjaro ikapata mlango wa pili, wa Mombasa. "Bandari ni tumbo," akasema mzee. "Mikono yake iko bara."

Vijana wa Tanga hawakukubali kunyamaza. Mmoja akaeleza habari za kwetu: gati la Tanga limechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13, kwamba zamani meli zilitia nanga mbali na mizigo ikafuatwa kwa matishari, na sasa zinafunga gatini. Mwingine akaongeza bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, ambalo Uganda iliamua mwaka 2016 lipite Tanzania badala ya Kenya. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasema uamuzi ule uliwauma hapa. Kisha akauliza: "Bomba linaleta mafuta. Meli inayokuja kuchukua mafuta haichukui machungwa. Mizigo yenu mingine anaileta nani?"

Swali hilo tulilala nalo.

Jumanne, Chai

Mombasa ndiko chai ya Afrika Mashariki inakouzwa. Mnada ulihamia hapa kutoka Nairobi mwaka 1969, na chai inayopigwa bei inatoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi, hata kwetu. Bei ni za dola. Kelele na nyundo za zamani zimehamia kwenye kompyuta, kwa hiyo ukumbi wa mnada leo una kidogo cha kumwonyesha mgeni. Aliyetufaa ni dalali mmoja wa chai aliyetufungulia chumba chake cha kuonjea.

Meza ndefu, vikombe vyeupe vimepangwa safu kwa safu, mbele ya kila kikombe kiganja cha majani makavu. Muonjaji anapita na kijiko, anavuta kwa sauti kubwa, anazungusha mdomoni, anatema, anasema neno moja au mawili, msaidizi anaandika. Kikombe kimoja hakikai naye hata robo dakika. Wanafunzi walionja pia. Walifundishwa madaraja: BP1, PF1, PD, D1, majina yaliyoandikwa kwenye magunia, ambayo mchumaji wa Amani au Bumbuli huenda asiyasikie maisha yake yote.

Tulikuwa na kijana wa Lushoto, bibi yake alichuma chai Mponde kabla kiwanda hakijafungwa 2013. Aliomba kuonyeshwa chai ya Tanzania. Muonjaji akamwekea kikombe chetu kando ya kikombe cha Rwanda. Kijana akaonja hiki, akaonja kile, akarudia. Akauliza kwa nini chetu huuzwa chini. Muonjaji hakumficha: majani yanachelewa kufika kiwandani, mitambo ni ya zamani, mbolea ni ya kubahatisha, na mzigo unasafiri mbali hadi hapa. Kisha akasema jambo lililonifurahisha: udongo wa Usambara hauna kosa lolote.

Tangu 2023 Tanzania ina mnada wake wa chai Dar es Salaam. Mjadala garini ulikuwa mkali. Nusu walisema ni jambo jema, tuuze kwetu. Nusu walisema mnunuzi anakwenda penye chai nyingi za kuchagua, na sokoni wingi wa wanunuzi ndio unaopandisha bei. Mimi naona kuwa mnada wa nyumbani unafaa ikiwa kikombe kitaboreka. Kuhamisha meza hakubadilishi ladha. Niliwaambia hivyo, na wapo ambao hawakukubaliana nami, nikafurahi.

Usiku binti mmoja alishikwa na tumbo. Tulikwenda zahanati, akapimwa, akapewa dawa na maji ya chumvi na sukari. Nilikaa naye hadi akasinzia, nikampigia mama yake Tanga saa nane usiku, maana mzazi asisikie habari ya mwanawe kwa mtu wa pili. Mama akasema, "Nimeamka mwenyewe usingizini, nilikuwa nakusubiri." Sijui alijuaje.

Jumatano, Kongowea

Tuliamka giza. Kongowea ni soko la jumla upande wa Nyali, ng'ambo ya daraja, na ukitaka kuliona likifanya kazi uwahi kabla jua halijapanda. Malori yameingia usiku. Vitunguu, viazi, nyanya, ndizi, na kwenye upande wa machungwa, rundo juu ya rundo, kijani kitupu.

Binti wa Muheza aliinama akaokota moja, akalinusa. Sikumwuliza kitu.

Mfanyabiashara tuliyeahidiwa alikuwa mama wa Kidigo kutoka Kwale, ananunua Muheza miaka mingi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mbili mapajani, vijana wake wakichambua: makubwa kwa mahoteli na wauza juisi, ya kati kwa maduka, madogo kwa wachuuzi wa mitaani. Tulimwamkia, akaitikia, akatutazama na daftari zetu.

"Bei ya kuuzia nitawapa," akasema. "Ya kununulia kaulizeni kwenu."

Binti wa Muheza akasema, "Kwetu ndiko huko, mama." Akamtajia bei ambayo baba yake alilipwa kwa sehemu ya shamba iliyouzwa, na idadi ya miti.

Yule mama alimtazama kwa muda. Kisha akamvutia ndoo nyingine. "Njoo ukae hapa, mwanangu." Na kuanzia hapo alieleza kila kitu, kidole kwa kidole, na vikundi vyote vikaandika.

Dalali wa Muheza ana fungu lake. Wachumaji wana lao. Fuso inakodiwa kwa safari, imejaa au haikujaa. Vyeti. Mzani na geti. Ushuru wa kaunti. Ushuru wa soko. Wapakuaji. Machungwa yanayobanwa chini ya shehena na kuoza; hasara hiyo ni yake peke yake, hakuna anayemrudishia. Anayekopa mzigo na kutokomea. Akamaliza, akauliza binti: "Umebaki na nini mkononi?" Binti akahesabu. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko tulivyodhani tukiwa Muheza, ambako kila mtu alisema Wakenya wanachukua chote. Aliyebaki na fungu nono kwenye daftari ni mwenye lori. Yeye hulipwa chungwa liwe zima, liwe limeoza.

Kijana wa Korogwe akauliza kwa nini wakulima wa Muheza wasikodi lori wenyewe wakaleta hapa. Mama hakucheka.

"Waje. Mimi nitanunua kwao, tena nitafurahi. Lakini mtaniletea leo, kesho hamji. Mkileta, makubwa na madogo yamechanganywa, juu mazuri chini mabaya. Mimi nina mahoteli yanayotaka kila Jumanne na kila Ijumaa. Nikikosa mara mbili, wanamwita mwingine. Dalali wenu namlipa kwa sababu hajawahi kunikosesha."

Nimesikiliza mihadhara mingi juu ya ugavi. Sijawahi kusikia somo likafafanuliwa vizuri hivi, na mtu aliyekaa juu ya ndoo. Mhadhiri wetu wa masoko aliandika neno kwa neno kama wanafunzi wake.

Kabla ya kuondoka mama alitupa kazi ya nyumbani. Tuingie duka lolote kubwa la kujihudumia mjini, tutazame machungwa. Tulikwenda. Pale kulikuwa na machungwa ya njano, yamepakwa nta, yamebandikwa alama: Misri na Afrika Kusini. Ya Muheza, yaliyo jirani, hayakuwepo hata moja. Wanafunzi walishangaa jinsi chungwa la Misri linavyovuka bahari na bado likapata rafu. Mhadhiri akawaeleza: Misri na Kenya zote zimo COMESA, bidhaa zao zinapata nafuu ya ushuru kati yao, Tanzania ilijitoa mwaka 2000, ingawa kadi yake ya bima tunaitumia, lakini sisi na Kenya tuna Jumuiya, kwa hiyo kwenye ushuru hatuko nyuma yao. Tofauti iko kwingine: chungwa la Misri linakuja kwenye boksi, limepimwa ukubwa, na linakuja tena wiki ijayo. Hoja ikarudi pale pale aliposimamia mama wa Kwale.

Alhamisi, Vipingo

Mkonge, kwa watu wa Tanga, hauhitaji kutambulishwa. Tulipita barabara ya Malindi tukaingia Vipingo, na wanafunzi wakasema tumerudi Ngomeni ya kwetu. Safu zile zile, korona ile ile, mashine ya kukamua majani, na singa, yaani nyuzi zake, zimeanikwa kwenye waya. Kampuni ya hapa ina mashamba pia kule kwetu Pangani, ya Mwera na Sakura. Mtaji umeshavuka mpaka zamani, sisi ndio tunauona leo.

Katika jani la mkonge, singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Zilizobaki ni maji na makapi. Kule Hale, kampuni ya mkonge ya Katani ilijenga mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi na umeme, jambo ambalo wanafunzi waliwaeleza wenyeji kwa fahari, na wenyeji wakauliza maswali mengi. Nilipenda kuwaona wakiwa wajuzi mbele ya wageni. Kisha tukazungumzia mwaka 1893, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida na vikafika hai 62. Kutokana na hivyo Tanganyika ikaja kuongoza dunia, na mwaka 1964 uzalishaji ukapita tani 230,000, kabla ya kamba za plastiki kutuangusha. Kijana wa Ngomeni, ambaye babu yake alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba wa mashambani, alisimulia yale ambayo vitabu havina: kadi ya kazi, posho ya unga, nyumba za kambi. Nilimwachia muda wote aliotaka.

Ijumaa, Tudor

Wavulana walikwenda kuswali Mji wa Kale, wengine wakaenda kutazama Fort Jesus. Mchana wote ulikuwa wa vikundi kuwasilisha.

Kikundi cha kwanza kilipendekeza kiwanda cha juisi Muheza. Kila mwaka kuna kikundi kinachopendekeza kiwanda cha juisi Muheza. Niliwauliza kitafanya kazi miezi mingapi, nani atanunua machungwa yakiwa haba na bei ya sokoni ikiwa juu, na umeme na maji vitagharimu nini. Hawakuwa na majibu, lakini waliahidi kuyatafuta, nami nitawafuatilia.

Kikundi cha binti wa Muheza hakikuleta kiwanda. Kilileta meza ya mbao, vipimo vya matundu ya ukubwa tatu, matenga, na majina ya wakulima jirani wanaoweza kujaza Fuso moja kwa pamoja. Kuchambua shambani, kupanga kwa ukubwa, kupeleka siku zilizokubaliwa. Mtaji wao mkubwa ni namba ya simu ya mama wa Kwale, ambayo aliwapa mwenyewe, akasema: "Mkiwa tayari kwa wiki nne mfululizo, nipigieni. Msinipigie kabla."

Walibanwa kwa maswali na wenzao hadi magharibi. Nani atalipa ada wakati wanasubiri fedha ya Kongowea? Hapo ndipo mpango ulipotikisika, kwa sababu dalali analipa leo. Kijana wa Lushoto akataja chama cha akiba na mikopo. Mwingine akasema riba yake inaweza kufanana na ya dalali. Wakakokotoa ubaoni, kwa bei za kwenye daftari. Haikufanana. Ya dalali iliizidi mara kadhaa.

Jumamosi, kurudi

Likoni mapema, Kwale, Lunga Lunga, kisha tukashukia Horohoro, muhuri wa Kenya na wa Tanzania dirisha kwa dirisha. Wote wapo. Aliyeugua tumbo anakula mihogo ya kukaanga. Mama wa viroba hatukumwona.

Baada ya Duga laini za simu za nyumbani zilirudi, na gari zima likaanza kupiga kelele za salamu. Binti wa Muheza alisogea kiti cha nyuma yangu, akampigia baba yake. "Baba, upande wa mtoni, usimpe dalali mpaka nifike." Akasikiliza. Akasema, "Nusu? Lini?" Akasikiliza tena.

Mzee alikuwa ameshachukua nusu ya malipo juzi. Ile nusu nyingine dalali ataleta wiki ijayo.

Wenzake walimzunguka. Mmoja akauliza nusu ya fedha ni miti mingapi. Mwingine akauliza kama kuna karatasi iliyoandikwa. Haipo, ni mdomo na mashahidi. Kwa hiyo nusu ya miti bado inaweza kubaki ya baba, wakasema, dalali akikubali kuigawa; na kwa nini asikubali, akipata machungwa yaliyochambuliwa? Walipofika Mabokweni walikuwa wameandika maneno ya kumwambia, wakayasoma kwa sauti, wakayafuta, wakaandika mengine.

Tulipofika chuoni aliniomba ruhusa ya kwenda Muheza Jumatatu na Jumanne pamoja na wawili wa kikundi chake. Nimetia saini fomu zote tatu.